Mkupuo Wangu, Kikokotoo Chenu

Kazi yangu serikalini ilikuwa kuwafundisha watu kustaafu. Nilikuwa hodari kwelikweli. Watu waliingia kwenye semina zangu na nyuso za watu walioitwa polisi, wakatoka wakinishukuru kwa mikono miwili. Niliwaambia: usianze biashara usiyoijua. Usijenge kitu kikubwa kuliko mahitaji yako. Usitangaze fedha yako kabla hujakaa nayo ukafikiri. Kisha zamu yangu ikafika, nikastaafu, na kabla msimu wa korosho haujaisha nilikuwa nimeyavunja yote.

Nawaandikia ninyi vijana mlioingia kazini juzijuzi, walimu, wauguzi, makarani, mnaobishana kila siku kuhusu kikokotoo cha mafao ya kustaafu. Nasikia hata kwenye simu zenu hamzungumzi jingine mwisho wa mwezi mkiona makato. Mimi nilikuwa afisa utumishi hapa Mtwara na mafao ndiyo yalikuwa mkate wangu, kwa hiyo ninayo machache ya kusema. Lakini ukweli ni kwamba nisingeshika kalamu kama mpwa wangu Salma asingenijia Jumamosi moja na kuniambia anaacha kazi.

Salma ni mtoto wa marehemu dada yangu, na ni mwalimu wa shule ya msingi huko Ziwani. Huku kwetu kusini mtoto wa dada ni wa mjomba. Baba anamlea, anampenda, lakini likitokea jambo la kukata shauri watu huuliza, "Mjomba wake amesemaje?" Kwa hiyo alikuja kuniarifu mjomba, kama inavyopasa. Tatizo ni kwamba alikuja akiwa ameshaamua.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umebeba unga mwingi hivyo?"

"Wako. Kaa basi nikwambie jambo. Shule zikifungwa, naacha ualimu."

Nikamuuliza kama ni mwalimu mkuu, au ni mwanamume. Akacheka kwa pua.

"Ni kikokotoo, mjomba. Ninakatwa kila mwezi, nitakatwa mpaka nizeeke, halafu siku ya kutoka napewa mkupuo wa kununulia kabati. Bora nitoke sasa nikiwa na nguvu, nifungue duka la vifaa vya shule Mikindani."

"Una mtaji?"

"Nina akili."

"Ukiacha mwenyewe, michango yako hawakurudishii hivihivi kama unavyodhani. Kuna masharti."

"Najua. Nimeuliza. Waache wakae nayo."

Hapo nikaona ni jambo zito. Mtu anayepiga kelele kwa sababu hajui, unamweleza akatulia. Mtu aliyeuliza, akajibiwa, na bado anaondoka, huyo amekata tamaa. Salma ni mwalimu mzuri. Nimeona watoto wa darasa la kwanza wakimkimbilia sokoni kama vifaranga. Kama angeondoka, ajira ile asingeirudia kirahisi, na mnajua wenyewe vijana wangapi wanaitafuta.

Nikajivuta kwenye kiti, nikakohoa kidogo, nikaanza semina yangu.

Semina yenyewe sikuibuni. Nilifundishwa na Bi. Somoe, aliyekuwa mkuu wangu nilipoanza kazi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, ambaye hakupenda neno asilimia. Siku zangu za kwanza nilimpokea dereva mmoja aliyekuwa anastaafu, Mzee Nandonde. Nikammwagia asilimia zote nilizokuwa nazo. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa hiyo ya kila mwezi, wataacha kunipa lini?" Nikamwambia hawaachi, ni mpaka afe. Akanitazama kwa huruma, kama unavyomtazama kijana aliyedanganywa na wakubwa zake.

Bi. Somoe aliniita pembeni. "Wewe, baba. Mtu anayetoka kazini haogopi hesabu, anaogopa kesho. Muulize kwanza asubuhi anakunywa chai na nini. Halafu mpeleke kwenye muhogo."

Alichonifundisha ni hiki, nami nimekitumia mpaka nilipoondoka. Mafao yako ni kama shina la muhogo. Kuna mizizi unayochimba siku ya kutoka, ule, uuze, ufanye utakalo. Huo ndio mkupuo. Na kuna mizizi unayoiacha ardhini, unafukua kidogokidogo kila unapohitaji, na kisamvu unachuma. Hiyo ndiyo pensheni ya kila mwezi. Ukichimba mingi siku moja, iliyobaki ni michache. Ukichimba michache, ya kila mwezi inanenepa. Kikokotoo ni kanuni tu ya kusema uchimbe kiasi gani na uache kiasi gani. Zamani, wakati wetu, waliruhusu tuchimbe mingi. Siku hizi wanataka ibaki mingi ardhini.

Mzee Nandonde alirudishwa, akapelekwa kwenye muhogo, akaelewa mara moja. Akasema, "Mbona kijana huyu alikuwa ananitukana kwa Kiingereza?"

Yule mzee alinifundisha na jambo jingine. Siku ya kuandikisha wategemezi aliniletea orodha ndefu ya watoto wa dada zake, wote, mpaka anayenyonya. Wanawe wa kuzaa hakuna hata mmoja. Nikamuuliza, wako wapi wanao? Akashangaa. "Wale wana wajomba zao." Makao makuu walirudisha karatasi zile wakidhani tumekosea mkoa mzima, maana hakuwa yeye peke yake. Mfuko wa mafao unatambua mke, mume na watoto. Sisi huku tunatambua wapwa. Nilitumia miaka kueleza pande hizo mbili, kila upande ukiona mwenzake hana akili. Kwa hiyo, kijana ukipangiwa kazi mkoa usio wako, kabla hujamfundisha mtu sheria muulize kwanza kwao nani humzika nani. Utapunguza kurudishiwa karatasi.

Basi, nikampeleka Salma kwenye muhogo. Nikamweleza kwa upole kwamba mkupuo mdogo si hasara tupu, kwamba kinachomlisha mzee ni ile ya kila mwezi.

Akanisikiliza. Halafu akageuza shingo taratibu, akatazama nyumba niliyokuwa nimekaa barazani mwake.

"Mjomba," akasema, "na hii nayo ni muhogo?"

Sina budi niwaeleze kuhusu nyumba.

Nilistaafu wakati Mtwara nzima inaongea gesi. Bomba, wageni, fedha za kigeni, kila mtu alikuwa na shemeji anayemjua mhandisi. Mkupuo wangu, ule mnono wa kanuni ya zamani, ukaingia benki. Nami, mwalimu wa wastaafu, nikanunua kiwanja kwenye njia ya kwenda visima vya Mnazi Bay, nikajenga gesti. Mke wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakuwepo mtu wa kuniuliza maswali ya maana. Nikaweka viyoyozi kabla sijahakikisha kama umeme wa pale unaweza kuvizungusha. Bango nikaliandika Kiingereza. Na kwa kuwa nilikuwa nimesikia kwamba Wazungu wa gesi ni warefu, nikaagiza vitanda virefu.

Fundi aliniuliza, "Mzee, humu atalala nani, twiga?"

Nikamwambia afuate vipimo.

Wageni wa gesi walikuja kweli. Niliwaona kwa macho yangu. Walipita mbele ya bango langu ndani ya magari makubwa yenye vioo vilivyofungwa, wakaenda kulala kwenye kambi yao, yenye jiko lao, umeme wao na bila shaka vitanda vya kawaida. Mimi nikabaki na vyumba vitupu na shuka ambazo hazifiki miguuni, kwa sababu hakuna duka Mtwara linalouza shuka za urefu ule. Mteja wangu wa kudumu ni mimi mwenyewe. Nalala chumba cha mwanzo, miguu yangu ikiwa imefunikwa na kitenge alichoacha marehemu dada. Katika chumba cha mwisho, jirani huhifadhi korosho zake wakati wa msimu, na hulipa kwa korosho.

Kwa hiyo Salma alipouliza kama nyumba nayo ni muhogo, nikaifunga semina. Nikamwomba jambo moja tu. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimeitisha mkutano mjini, na ofisa wa mfuko wa mafao angekuja kueleza kanuni mpya. "Twende wote," nikamwambia. "Msikilize mwenyewe. Ukitoka pale bado unataka kuondoka, mimi mjomba wako nitakubariki, na bango la duka nitakuandikia."

"Kwa Kiswahili," akasema.

"Kwa Kiswahili."

Ukumbi ulijaa. Mbele waliketi waliokaribia kustaafu, nyuma vijana, wamesimama mpaka mlangoni, na katikati yao palikuwa na hewa ile ya ndugu waliogombana kabla ya mgeni kufika. Vijana wanaona wazee wameshakula. Wazee wanaona vijana hawana shida bado, wana muda. Ofisa wa mfuko alikuwa kijana nadhifu wa ofisi ya mkoa, mpole, anayejua kazi yake. Nilimpenda. Alinikumbusha mimi, ila yeye alikuwa na picha za kuonyesha ukutani.

Alieleza vizuri, na nataka mjue alichosema kwa sababu ni kweli. Fedha za mfuko hazikai kwenye sanduku lenye jina lako. Michango inayokatwa kwa walio kazini leo ndiyo inayosaidia kuwalipa waliotoka. Watu wanaishi zaidi kuliko zamani. Mfuko ukigawa mikupuo mikubwa leo, kesho unaweza kukosa ya kuwalipa walio nyuma. Nilitikisa kichwa kukubali. Nilikuwa nikitikisa kichwa kama mwalimu mkuu aliyekuja kukagua somo.

Kisha akasema, "Nitawapa mfano wa kweli. Jina nalihifadhi. Mstaafu mmoja wa mkoa wetu huu alipata mkupuo mkubwa wa kanuni ya zamani. Akajenga gesti kusubiri wageni wa gesi."

Kichwa changu kikaacha kutikisika.

"Ndugu zangu, mzee huyo alichonga vitanda virefu, akitegemea Wazungu. Hakuja hata mmoja. Leo analetewa unga na mpwa wake."

Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Watu walipigana mabega. Halafu kicheko kikaanza kupungua upande mmoja, safu kwa safu, kadiri watu walivyogeuka kunitazama. Mtwara si mji mkubwa. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, si yule pale?"

Nilisimama.

"Mimi ndiye mfano," nikasema.

Ofisa akashika kichwa. "Mzee, naomba radhi. Nilihadithiwa tu, wallahi sikujua kama upo."

"Usiombe radhi, mwanangu. Umesimulia vizuri sana. Umesahau viyoyozi tu."

Walicheka tena, safari hii pamoja nami, na hapo ningekaa ingekuwa salama. Lakini Salma alikuwa ameshasimama pembeni yangu, na hakuwa anacheka.

"Huyo ni mjomba wangu," akasema, "na unga naupeleka mimi. Nashukuru mmenitaja. Sasa naomba kuuliza. Aliyekosea ni yeye. Fedha ilikuwa yake. Mimi sijajenga kitu, sijakosea kitu, mbona naadhibiwa kwa vitanda vyake?"

Nyuma kulilipuka. Vijana walipiga meza, waliokosa meza wakapiga ukuta. Mwenyekiti aliomba utulivu mpaka sauti ikamkauka.

"Sijamaliza," Salma akasema. "Mjomba ametufundisha wote hapa kwa shina la muhogo. Kwamba mkichimba mizizi michache, inabaki mingi ardhini, ya kila mwezi inanenepa. Mimi naikubali. Niwekeeni hata yote ardhini. Lakini niambieni ukweli, shamba ni lilelile? Au mmepunguza na mashina?"

Nikakaa. Si kwa hasira, kwa mshangao. Maana huo ndio ulikuwa moyo wa malalamiko yenu, vijana, na mimi kwa utaalamu wangu wote sikuwa nimeuona. Nilikuwa nikiwaeleza namna ya kugawa shina moja, na ninyi mlikuwa mnauliza idadi ya mashina. Kanuni mpya haikugusa tu kile kinachotolewa mara moja na kile kinachobaki. Iligusa pia namna hesabu nzima inavyoanza: mshahara upi unatumika, miaka ya utumishi inazidishwa vipi. Mtu anaweza kupunguziwa mkupuo na bado akapunguziwa jumla. Hayo ni maswali mawili. Nilikuwa nikiyajibu kama moja, tena kwa sauti ya upole inayowafanya watu wadhani wameelewa.

Ofisa naye, kwa heshima yake, hakukwepa. Alisema, "Ni kweli, dada. Yapo mabadiliko ya mgawanyo, na yapo mabadiliko ya hesabu yenyewe. La pili sikulieleza." Alieleza kidogo, muda ukaisha, mwenyekiti akasema maoni ya tawi yatapelekwa juu na kwamba achaguliwe mtu wa kuyabeba.

Mnajua kilichonikaa moyoni nikitoka pale? Ile hadithi kwamba michango ya walio kazini huwalipa waliotoka, nimeisema mara nyingi kuliko nilivyomwita mke wangu jina. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama karibu na Salma, ndipo nilipoiona sura yake. Alikuwa ameanza kazi mwaka niliotoka mimi. Kwa hiyo katika ule mkupuo uliochonga vitanda, sehemu fulani ilitoka kwenye mshahara wake wa kwanza. Yule binti alinijengea gesti kabla hajajinunulia kitanda. Ndiyo maana nawaambia mkibishana na sisi wazee msiogope kutukumbusha, na nasi mkitukumbusha tusinune. Ni jasho lenu lililopita mkononi mwetu, na jasho la wadogo zenu litapita mkononi mwenu. Inafaa kila mmoja aulize linapita vipi.

Nje ya ukumbi nilimtafuta Salma nimwambie twende. Nikamkuta amezungukwa, na si na vijana. Walikuwa walimu wazee, wale wa safu za mbele. Mwalimu Hadija, anayefundisha naye Ziwani, alikuwa amemshika kiganja.

"Wewe unasema unaondoka," Mwalimu Hadija alikuwa akisema. "Ondoka, una miguu. Mimi nimebakiza mwaka mmoja. Nikiondoka leo naenda wapi, kufungua duka na mgongo huu? Kanuni itaniangukia mimi kabla yako. Na hapa wote tumeinamisha vichwa kama wari wa unyago, umesimama wewe peke yako. Sasa ukienda kuuza madaftari, nani atatusemea?"

"Mwalimu, mimi mdogo," Salma akasema.

"Mdogo ndiyo. Ndiyo maana hujachoka."

Njia nzima ya kurudi Salma alikuwa akikitazama kile kiganja. Nami kwa mara moja katika maisha yangu nikajizuia kueleza.

Wiki iliyofuata alikuja tena. Alisalimia, akaweka unga, akakaa.

"Mjomba, nabaki."

Nikanyoosha mgongo. "Nilijua maneno yangu yatakuingia."

"Maneno gani?"

"Ya muhogo."

"Ya muhogo yamenikasirisha. Nabaki kwa sababu ya Mwalimu Hadija. Siwezi kumwacha pale halafu niwe namwona anapita mbele ya duka langu." Akavua viatu, akakunja miguu kitini. "Tawi limenichagua kubeba maoni. Nataka unifundishe hesabu yote, mwanzo mpaka mwisho, nisije nikaulizwa swali mbele za watu nikakodoa macho."

Moyo wangu ukachangamka. Hatimaye mwanafunzi! Nikaanza, "Basi sikiliza. Kwanza kabisa unachukua mshahara."

"Upi? Wa mwisho, au wastani?"

"Zamani tulikuwa..."

"Sikuulizi zamani, mjomba. Upi sasa?"

Jirani wa korosho alikuwa anapita, akanisalimia, nikamjibu kwa urefu usio wa lazima. Salma alisubiri mpaka alipopotea.

"Hujui," akasema.

"Ya sasa siijui vizuri," nikasema. Sentensi hiyo, wanangu, kwa mtu wa ofisi ni ngumu kuliko kumeza mwiba wa samaki changu, lakini ukishaisema koo linabaki salama. Mjifunze kuisema mapema. Mimi nimeisema mara ya kwanza nikiwa na mvi, na sioni nilichopata kwa kuchelewa.

"Haya," Salma akasema. "Jumatatu baada ya vipindi unanisindikiza ofisi ya mfuko."

"Mimi nikafanye nini huko? Si umeona sijui?"

"Wewe huna haja ya kujua. Wewe kaa tu pale nikiuliza. Akikuona, yule kaka ataona aibu, atatujibu kila kitu."

Jumatatu nikavaa shati langu la semina, nikaenda. Yule ofisa alipotuona mlangoni alisimama wima, akavuta viti viwili, akauliza kama mzee nitakunywa chai. Nikasema nitakunywa, na mkate ukiwepo. Salma hakutaka chai. Alisogeza kiti mpaka magoti yakagusa meza, akashika kalamu, akasema, "Tuanze na mshahara, kaka. Upi?"